Kiwanja cha Ndege Kilichorudi Kuwa Shamba

Katika somo hili twataka kueleza habari za ardhi iliyokuwa kiwanja cha ndege kisha ikarudishwa kulimwa, kwa maana ndani yake mna jambo linalomhusu kila mwenye jembe. Mfano wetu twautoa Marekani, katika nchi tambarare ya Iowa na Illinois, ambako wako wakulima wenye ndege ndogo zao wenyewe, nao hutenga ukanda wa majani kati ya mashamba yao, ndege ipate kuruka na kutua.

Ukanda wenye urefu wa nusu maili na upana wa futi 100 ni kama eka 6. Huko Iowa, katika miaka ya karibuni, eka moja imetoa kwa wastani kama tani 5 za mahindi. Basi kiwanja hicho chashika mahali pa magunia 300 ya kilo mia mia. Mzee akiisha kufa, au macho yake yakidhoofika asiweze tena kurusha ndege, warithi hufanya hesabu hiyo upesi.

Kazi ya kwanza si ya jembe. Ni kuipasha habari idara ya serikali inayosimamia ndege, ili kiwanja kifutwe katika ramani. Rubani aliyepatwa na shida angani akiitegemea ramani ya zamani, akakuta mahindi marefu kuliko mtu, aweza kupoteza roho yake.

Ndipo tuje kwenye udongo. Juu huonekana mzuri mno, mweusi, umejaa mizizi, kwa kuwa haukulimwa miaka mingi. Wengi hudanganyika hapo. Chini yake, kadiri ya shibiri moja, mara nyingi mna tabaka gumu lililoshindiliwa na magurudumu. Wala si ya ndege hasa, maana ndege ndogo uzito wake ni kama tani moja tu, bali ya trekta ya kukatia majani, iliyopita pale pale mwaka baada ya mwaka. Mizizi ya mahindi ikifika hapo hupinda ikaenda kando, na maji ya mvua hutuama.

Mkulima mwenye akili huchimba shimo kwanza atazame. Akiliona tabaka hilo, hulipasua kwa jembe la meno marefu linalovutwa na trekta, udongo ukiwa mkavu. Ukiwa umelowa haupasuki, hukatwa tu kama ugali, na magurudumu huushindilia upya.

Mwaka wa kwanza wengi hupanda soya. Majani yaliyofukiwa, yanapooza, huinyang'anya mimea chakula kiitwacho naitrojini, na mahindi hugeuka manjano. Soya hujipatia chake hewani kwa msaada wa vijidudu vya mizizini. Hata hivyo, pengine baada ya miaka mingi mtu apitaye juu kwa ndege huuona ukanda ule, rangi ya mimea yake ikiwa mbali na ya jirani.

Kwetu kazi hiyo ya kushindilia hufanywa na kwato za ng'ombe na nyayo za watu. Mwalimu na awapeleke wanafunzi, baada ya mvua, penye zizi la kale au njia iliyoachwa, wachomeke fimbo hapo, na tena hatua kumi kando, wapime kwa vidole imeingia kiasi gani. Pakiwa pagumu, pachimbuliwe wakati wa kiangazi, kisha zipandwe mbaazi, ambazo mizizi yake hushuka mbali kuliko ya mahindi.