Mashine ya uwanja wa ndege imenililia. Je, ninaweza kushtakiwa?

*Mimi ni fundi baruti katika mgodi mmoja mkoani Geita. Juzi uwanja wa ndege walinipangusa viganja kwa kikaratasi, mashine ikalia. Walinihoji, wakaniruhusu. Je, siku nyingine naweza kushtakiwa?*
*Fundi Baruti, Geita*

Jibu: Ndugu, ondoa hofu. Unadhani mlio ule ni ushahidi tosha, lakini sivyo. Mashine hupasha joto kikaratasi, huzipa chembe chaji ya umeme, kisha hupima kasi yake. Ni kipimo cha kuchuja tu. Kazi yako huacha chembe kwenye kucha na mishono ya nguo, na hata dawa ya moyo ya nitrogliserini inaweza kuiliza.

Ndiyo maana kwenye eneo la mlipuko wapelelezi hubadilisha glavu na huchukua pia sampuli za kulinganisha mahali pasipoguswa. Maabara hutenganisha kemikali kwa kromatografia, kisha huzitambua kwa uzito wa vipande vya molekuli. Kipimo cha kuchuja pekee kinaweza kupotosha: nchini Uingereza, wanaume 6 wa kesi ya mabomu ya Birmingham walifungwa mwaka 1975, sehemu ya ushahidi ikiwa kipimo cha kemikali cha Griess cha kutafuta chembe za baruti, ambacho hata karata za kuchezea zinaweza kukichanganya. Waliachiwa mwaka 1991, hukumu ilipofutwa.

Kabla ya safari, oga, sugua kucha kwa brashi, vaa nguo na beba begi visivyofika mgodini. Chukua kitambulisho na barua ya mwajiri. Taja kazi yako kabla hujapimwa. Ukitakiwa kuandika maelezo polisi, omba wakili kwanza.