MISIMU KATIKA NYIMBO ZA ZAMANI: MAANA INAPOHAMA

Watahiniwa wengi hupoteza alama katika maswali ya misimu ingawa wameikariri fasili vizuri. Kosa lao ni kusoma wimbo wa miaka ya 1970 kwa masikio ya leo. Neno wanalijua, lakini maana wanayoijua si ile aliyokuwa nayo mtunzi. Somo hili litakusaidia kuliepuka kosa hilo.

1. Kumbuka fasili

Misimu ni maneno au semi zisizo sanifu ambazo huzuka na kutumiwa na kundi fulani la watu katika kipindi fulani. Kuna misimu ya pekee (ya kikundi kidogo), misimu ya kitarafa (ya eneo fulani) na misimu zagao (iliyoenea nchi nzima). Tia mkazo kwenye maneno "katika kipindi fulani". Msimu una umri: huzuka, huvuma, kisha hufa, hubadilika au husanifishwa.

Nyimbo huhifadhi misimu kuliko mazungumzo. Mazungumzo ya mtaani hupotea siku hiyohiyo, lakini wimbo uliorekodiwa hupigwa redioni miaka arobaini baadaye, neno likiwa lilelile na wasikilizaji wakiwa wengine.

2. Njia ambazo maana hubadilika

(a) *Maana kupanuka.* "Bongo" limetokana na ubongo, yaani akili. Lilitumika kuitaja Dar es Salaam, jiji ambalo mtu huhitaji akili ili aishi. Baadaye likapanuka na kumaanisha Tanzania nzima, na leo limo katika jina la muziki wa Bongo Fleva.

(b) *Maana kuhama.* "Shangingi" lilimaanisha mwanamke mjuaji wa mambo ya mjini, asiye na haya. Baadaye watu wakalitumia kwa magari makubwa ya kifahari, hasa yale ya viongozi. Neno ni lilelile, ila limehama kutoka kwa mtu hadi kwenye chombo.

(c) *Hadhi ya neno kupanda.* "Chizi" ni mtu mwenye wazimu, lakini "mchizi wangu" ni rafiki yangu. "Mzuka" ni pepo au kivuli cha kutisha, lakini kijana akisema "nina mzuka" ana maana ya msisimko na hamu kubwa.

(d) *Neno kufa pamoja na kitu chake.* "Bugaluu" ni suruali iliyobana mapajani na kupanuka chini, iliyovuma miaka ya 1970. Mtindo ulipopita, neno nalo likabaki kwa wazee na katika simulizi. Vivyo hivyo "wabenzi", jina la kejeli kwa wakubwa waliotembelea magari ya Mercedes-Benz baada ya uhuru. Wenye magari ya fahari bado wapo, lakini jina hilo halisikiki sana.

(e) *Neno kusanifishwa.* "Daladala" lilitokana na "dala", jina la mtaani la shilingi tano, ambayo ilikuwa nauli ya magari hayo miaka ya 1980. Nauli imepanda mara nyingi, lakini jina limebaki, na leo hutumika hata katika habari na maandishi rasmi.

(f) *Wazo kurudi kwa neno jipya.* "Msela" limetokana na neno la Kiingereza la baharia, likaja kumaanisha kijana wa mtaani. Miaka ya karibuni vijana wameanza kuitana "baharia" kwa maana inayokaribiana na hiyo. Wazo limerudi baharini, safari hii kwa Kiswahili.

3. Hatua za kujibu swali

Hatua ya 1: Tafuta dalili za wakati. Angalia mavazi, fedha, vyombo vya usafiri na vyeo.
Hatua ya 2: Orodhesha maana zote unazozijua za msimu huo, za zamani na za sasa.
Hatua ya 3: Jaribu kila maana ndani ya sentensi. Maneno jirani yatakataa maana isiyofaa.
Hatua ya 4: Eleza maana uliyoichagua, kisha taja ushahidi kutoka katika wimbo wenyewe.

4. Mfano wa swali na jibu

Ubeti huu umetungwa kwa ajili ya zoezi hili, kwa kufuata hali ya muziki wa dansi wa zamani:

Bugaluu nikavaa, dansini nikaingia,
Shangingi naye kakaa, mezani akatulia,
Pesa zangu zikapaa, kwa miguu narudia,
Wabenzi wanashangaa, garini wanapitia.

*Swali:* Eleza maana ya "shangingi" katika ubeti huu, na utoe sababu mbili. (alama 6)

*Jibu dhaifu:* Shangingi ni gari la kifahari, kwa sababu mshororo wa mwisho unataja gari.

Mtahiniwa huyu ametumia maana ya baadaye na kushika neno moja la mbali. Hakujiuliza gari litakaaje mezani.

*Jibu zuri:* Katika ubeti huu "shangingi" ni mwanamke mjuaji wa mambo ya mjini. Kwanza, anakaa mezani na kutulia, matendo ambayo ni ya mtu, si ya gari. Na baada ya kukaa kwake, pesa za msimulizi zinakwisha. Pili, misimu "bugaluu" na "wabenzi" inaonyesha kuwa mazingira ni ya miaka ya 1970, kabla "shangingi" halijavuma kwa maana ya gari.

Ona kwamba jibu zuri halikuhitaji maneno mengi. Limehitaji ushahidi.

5. Tahadhari

• Usiandike kwamba mtunzi wa zamani "amekosea" kwa sababu neno lake halilingani na matumizi ya leo. Lugha ndiyo iliyosogea.
• Usidai kuwa misimu yote hufa. "Daladala" linatosha kukupinga.
• Misimu ni ya kueleza na kutolea mifano. Usiitumie katika insha rasmi au barua ya kikazi.
• Usibuni asili ya neno. Kama huijui, eleza maana na matumizi yake tu.

Kabla ya mtihani, fanya jambo moja lisilo na gharama. Wimbo wa zamani ukipigwa nyumbani, muulize bibi, babu au mjomba neno moja usilolielewa: "Enzi zenu hili lilimaanisha nini?" Utapata mfano wa kutumia, na utalihifadhi neno ambalo huenda hakuna aliyeliandika.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia mifano miwili, fafanua kauli kuwa "msimu una umri".
2. Tofautisha mabadiliko ya neno "bongo" na yale ya neno "shangingi".
3. Chagua msimu mmoja unaovuma shuleni kwenu. Eleza maana yake, kisha andika sentensi mbili kumfafanulia mtahiniwa atakayeusoma miaka arobaini ijayo.