"Anaringa": Je, watoto wetu wanakijua kiburi?

Neno "anaringa" ni miongoni mwa maneno mazito kabisa katika uwanja wa shule. Mtoto akishabandikwa neno hilo, hachaguliwi kwenye rede wala mpira, anakaa peke yake wakati wa mapumziko, na jina la utani humfuata mpaka anamaliza darasa la saba. Nikiwa mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Arusha, nalisikia neno hili karibu kila wiki, shuleni na madrasa. Nakusudia leo kuwaomba wazazi na walimu wenzangu tujiulize: watoto wetu wanamhukumu nani kuwa ana kiburi, na kwa kipimo gani?

Swali hili nimewahi kuwauliza wanafunzi wa rika mbalimbali. Wadogo wa darasa la pili na la tatu huniambia kuwa mwenye kiburi ni yule mwenye viatu vipya au aliyekataa kumkatia mwenzake kipande cha andazi. Wa darasa la tano na la sita husema ni yule asiyesalimia, asiyecheka na wenzake, au anayenyoosha kidole kila swali. Wanafunzi wa sekondari ndio huanza kusema kuwa mwenye kiburi ni yule asiyekubali kukosolewa.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Jessica Tracy, Richard Robins na Kristin Lagattuta, walichapisha utafiti ulioonesha kuwa mtoto wa miaka minne tayari anaweza kuitambua picha ya mtu anayejivunia jambo: kifua mbele, kichwa juu kidogo, mikono kiunoni. Kabla yao, mwaka 1932, Jean Piaget wa Uswisi alieleza kuwa mtoto mdogo huhukumu kwa kile kinachoonekana, na kadiri anavyokua ndivyo anavyoanza kuitazama nia. Kwa hiyo sura ya majivuno mtoto huijua mapema. Kinachochelewa ni kujua kilichomo moyoni mwa mwenye sura hiyo.

Na kiburi, ndugu zangu, mahali pake ni moyoni. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud na kuandikwa na Imam Muslim, Mtume (SAW) alipotahadharisha juu ya chembe ya kiburi, mtu mmoja aliuliza kuhusu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri. Mtume alibainisha kuwa hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Iblis naye hakuhukumiwa kwa vazi. Alikataa amri akidai kuwa yeye ni bora kwa asili yake (Qur'an 7:12). Ukiwapima watoto wetu kwa kipimo hiki, utaona kuwa mara nyingi wanamkamata asiye na kosa.

Nitoe mifano miwili ya hapa hapa kwetu.

Kwanza, salamu. Mtoto wa Kimaasai au Kiarusha aliyelelewa kwa mila zao hamsalimu mkubwa kwa kumwambia shikamoo. Humwinamishia kichwa na kungoja aguswe utosini, na hiyo ndiyo adabu kubwa. Mtoto huyo akihamia Kaloleni au Ngarenaro, akaingia madrasa akainamisha kichwa kimya, wenzake watasema, "Huyu anaringa, hasalimii." Mtoto ameinama kwa heshima, nao wanamwita mwenye kiburi.

Pili, kicheko. Maji ya chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi yanayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kwetu vinapita kiwango hicho. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni, meno yake huota na rangi ya kahawia. Akifika darasani na wenzake waliokulia mikoa mingine, hufumba mdomo au hujiziba kwa kiganja. Nilikuwa na binti wa namna hiyo. Wenzake walimwita "Malkia" kwa sababu hacheki nao. Nilipozungumza naye pembeni aliniambia kwa sauti ndogo, "Ustadhi, nikicheka watayaona meno yangu." Ilikuwa ni aibu, wao wakaisoma kiburi.

Hapa ndipo penye hatari. Wale waliompa binti jina la utani, na wanaomwita mwenzao "wa porini", ndio hasa wanaowadharau watu. Ugonjwa wanaoushutumu uko upande wao. Sura ya Al-Hujurat (49:11-12) inakataza kudharauliana, kuitana majina mabaya na kuzidisha dhana. Aya hizi watoto wengi wanazihifadhi, lakini hakuna anayewaambia kuwa zinahusu uwanja wao wa kuchezea.

Je, wamejifunza wapi? Wamejifunza kwetu. Baba anasema mezani kuwa jirani anaringa tangu anunue gari. Mama anamwonya mwanawe asicheze na watoto wa "shule za Kayumba". Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuacha kutaja shule na wanafunzi kumi bora kitaifa, lakini katika majumba yetu orodha hizo bado tunazitunga na kuzisoma mbele ya watoto.

Tufanye nini? Mtoto akija na shutuma kwamba fulani anaringa, tumuulize, "Umejuaje? Amekataa haki gani? Amemdharau nani?" Kama hana jibu, tumtume akaanze yeye kutoa salamu. Pia tumfundishe kutofautisha furaha na kiburi. Aliyehifadhi Juzuu Amma au aliyefaulu hesabu ana haki ya kufurahi na kusema Alhamdulillah. Tukimnyamazisha, kesho ataficha alichojaaliwa. Na walimu, tumguse utosini yule aliyeinama, kisha tumfundishe "Assalaam alaykum" polepole. Hatupungukiwi kitu.

Qur'an inamkumbusha mwanadamu asitembee ardhini kwa majivuno, kwani hataweza kufikia urefu wa milima (17:37). Watoto wa Arusha wanauona Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, kila asubuhi mawingu yanapofunguka. Tuwaoneshe mlima huo tunapowasomea aya hiyo, na tuwaambie kuwa chini yake wote ni wafupi, mwenye viatu vipya na mwenye kandambili.

Wabillahi tawfiiq.