Jaribio lisilopima kitu

Kwa ajili ya tasnifu yangu niliandika programu fupi ya Python ya kuhesabu maneno ya kila sentensi. Funksheni yake, niliyoiita hesabu, hupokea orodha ya maneno na kurudisha idadi yake kwa len. Orodha ["Watoto", "wanacheza"] inatoa 2. Siku moja nilisahau kuikata sentensi, nikaiingiza nzima: "Watoto wanacheza". Jibu likawa 16. Python ilihesabu herufi, pamoja na ile nafasi ya katikati, bila kulalamika. Wastani wa sura nzima uliharibika, nami nilikwisha kuanza kuueleza kama sifa ya mtindo wa mwandishi!

Nikaongeza sharti: kisicho orodha kikataliwe kwa TypeError. Kisha nikaandika jaribio kwa unittest:

self.assertRaises(TypeError, hesabu, 5)

Likafaulu. Mwenzangu akaniambia nilifute lile sharti, nijaribu tena. Likafaulu vilevile! Kumbe len yenyewe huikataa namba kwa TypeError hiyohiyo. Nilikuwa napima Python, si kazi yangu.

Ingizo la kujaribia ni lile linalofanana na lililo sahihi hata likapenya:

self.assertRaises(TypeError, hesabu, "Watoto wanacheza")

Bila sharti, hili linafeli. Sharti likirudi, linafaulu. Orodha [3, 4] nayo inapenya bado, maana ni orodha kweli. Basi kila kilichomo ndani yake kikaguliwe kama ni maandishi, na jaribio la hilo nimeliandika kabla ya sharti lenyewe, nilione kwanza likifeli.