Chemchemi Isiyo na Pampu: Maji Moto ya Bogoria

Neno chemchemi hubeba dhana mbili: maji yabubujikayo ardhini, na jengo la mjini lirushalo maji kwa pampu. Makala haya yanajadili dhana ya kwanza kwa kurejelea Ziwa Bogoria, kaskazini mwa jiji la Nakuru, ambako ardhi yenyewe ndiyo pampu.

Maji ya mvua hupenya katika nyufa za Bonde la Ufa hadi kwenye miamba yenye joto. Huko chini, uzito wa maji yaliyo juu huyazuia kuchemka hata yanapozidi nyuzi 100. Yanapopanda, shinikizo hupungua. Sehemu yake hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha yaliyosalia hewani.

Mwaka 2011, UNESCO iliorodhesha Bogoria, Nakuru na Elementaita kuwa Urithi wa Dunia. Hata hivyo, maziwa ya Bonde la Ufa yalifurika katika mwongo uliofuata, na kufikia 2020 chemchemi nyingi za Loburu, ukingoni mwa Bogoria, zilikuwa zimefunikwa. Maji ya ziwa huzilemea na kuzipoza, zikashindwa kuruka.

Hapa pana funzo la sarufi. Umbo "zirukazo" ni urejeshi usio na njeo. Huarifu jambo kana kwamba ni la daima. Kwa chemchemi zilizozama, tuandike "zilizokuwa zikiruka". Mwandishi anayenakili maelezo ya zamani bila kuchunguza njeo huwapa wasomaji ziwa lisilokuwapo tena.