Presha Imeshuka: Soma Hapa Kabla Hujanunua Pampu Nyingine

Maji yakianza kutoka kwa unyonge bafuni, lawama ya kwanza huangukia pampu, hasa ikiwa imekaa kisimani miaka mingi. Fundi huitwa, na ushauri mara nyingi ni uleule: nunua kubwa zaidi. Kijitabu hiki ni cha mwenye nyumba wa Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga na kwingineko Pwani anayetegemea kisima kirefu, pampu ya kuzama na tangi la plastiki juu ya mnara. Kabla hujatoa hela, pima.

Anza na tangi

Kama maji hupandishwa tangini kisha hushuka yenyewe, pampu haihusiki na presha ya bafuni. Presha hiyo hutoka kwenye kimo: kila mita moja ya maji juu ya koki hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya baa. Mnara wa mita tatu na bafu lililofungwa mita mbili kutoka chini vinakuachia mita moja tu, pamoja na kina cha maji yaliyomo tangini. Hapo huwezi kutibu kwa pampu mpya ya kisimani. Pandisha tangi, weka bomba pana la kushushia, au funga pampu ndogo ya kusukuma baada ya tangi.

Lakini kama zamani presha ilikuwa nzuri kwa mnara uleule, kuna kitu kimeziba njiani. Kagua chujio, koki iliyofungwa nusu, na mabomba ya chuma ya zamani ambayo kutu imeyajaa ndani. Maji yenye chokaa huziba matundu ya bafu. Lifungue, liloweke kwenye siki usiku kucha.

Kipimo cha ndoo

Tangi likiwa linachelewa kujaa, hamia kisimani. Fungua bomba mdomoni mwa kisima, washa pampu, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde kwa simu. Gawanya 1,200 kwa sekunde hizo, upate lita kwa dakika: ndoo iliyojaa kwa sekunde 40 ni lita 30. Rudia pale maji yanapoingia tangini. Huko juu yatapungua kidogo kwa sababu ya mwinuko, ila yakipungua sana, bomba lililofukiwa linavuja au limeziba.

Linganisha matokeo na jedwali la pampu, na usome mstari wa kina chako. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji popote, na wauzaji huipenda sana.

Kosa likiwa chini

Mwite fundi umeme apime volti pampu ikiwa inafanya kazi. Volti zikishuka kwa asilimia 20, nguvu ya mota ya kuzungusha hubaki kama asilimia 64, na waya mwembamba wa kutoka kwenye mita unatosha kuleta hasara hiyo. Apime na ampea. Zikiwa chini ya zilizoandikwa kwenye bamba, huenda mapangaboi yameliwa na mchanga au maji ya kuvuta hayatoshi. Zikiwa juu, tazama volti ndogo au mchanga uliokwama. Zikiwa sawa huku maji ni haba, shuku bomba la kisimani lililotoboka: pampu inasukuma vizuri, lakini maji yanarudi kisimani.

Maji yakianza kwa nguvu, kisha yakatoka kwa kukohoa na mapovu, kina cha maji kimeshuka hadi ilipo pampu. Zima mara moja, kwa sababu mota hiyo hupozwa na maji yanayoizunguka. Baadaye iwashe kwa vipindi, huku koki ya mdomoni ikiwa imebanwa kidogo.

Hapa ndipo pampu kubwa inapoleta madhara. Kisima hutoa maji kwa kasi ya mwamba wake, na ukiyavuta kupita kasi hiyo unavuta mchanga. Karibu na bahari unaweza pia kuita maji ya chumvi, na chumvi ikishaingia haiondoki kwa kubadilisha pampu. Kisima cha zamani ambacho vichujio vyake vimezibwa na kutu na chokaa huhitaji kusafishwa kwa upepo wa kompresa kwanza. Ukifikiria kukichimba zaidi, tafuta mchimbaji mwenye leseni na uulize bodi ya maji ya bonde lako kuhusu kibali; kwa Dar es Salaam ni Wami/Ruvu.

Wenye tangi la presha

Pampu ikiwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, upepo wa tangi la presha umepungua. Zima umeme, toa maji yote, pima kwa geji ya tairi. Kwa swichi inayowasha PSI 20, jaza 18. Ukibonyeza pini ya upepo yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka.

Kabla ya kugusa chochote

Zima swichi kuu, na mtu asiirudishe. Pampu isivutwe kwa waya wa umeme. Ina kamba yake. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono asiingie mtu, kwani hewa ya humo inaweza kuua. Pampu ikisharudishwa, tia klorini kwa kipimo cha fundi, iache usiku mmoja, kisha mwaga maji nje, mbali na bustani, mpaka harufu iishe.