Kabla Hujamwita Mtoro

Wenzangu wa Elimu, muda si mrefu tutapangiwa vituo vya mazoezi ya kufundisha, na watakaopelekwa Tunduru wataanza kulalamika kwamba ni mbali. Ni mbali kweli. Ila mimi nataka tuzungumzie kitu utakachokabidhiwa siku ya kwanza darasani: daftari la mahudhurio.

Tuanzie shambani, maana Tunduru ni korosho. Kati ya Juni na Agosti mikorosho lazima ipulizwe salfa, la sivyo ubwiriunga unaharibu maua. Salfa ni hela, na kupuliza kunataka mtu mwenye nguvu. Sasa baba au mama anayeishi na VVU akiugua miezi hiyo, hasara haionekani siku ileile. Inaonekana Oktoba hadi Desemba, majirani wanapopeleka magunia ghalani na wao hawana cha kupeleka. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya msingi ilifutwa 2001 na ya sekondari hadi kidato cha nne 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa uji bado ni juu ya familia. Mtoto unayemwona hana sare Januari, huenda shida yake ilianza Julai.

Kaya kama hiyo inaweza kuwa kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Hapa ndipo wengi wetu hatujui: sehemu ya ruzuku hiyo imefungwa kwenye mahudhurio ya watoto shuleni. Mtoto akikosa siku nyingi, fedha ya nyumbani inaweza kukatwa. Kwa hiyo kile kialama unachoweka asubuhi bila kufikiri kinagusa sufuria ya mtu.

Na mtoto mwenyewe akiwa na maambukizi, ana siku za kliniki. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake, hivyo lazima apimwe mara kwa mara. Kutoka vijiji vya ndani, safari ya kliniki inaweza kula siku nzima. Siku nyingine anayekwenda ni bibi, na mtoto anabaki kulea wadogo zake. Kwenye daftari wote hao wanaandikwa watoro, kisha kesho yake wanachapwa. Jamani!

Ufanye nini? Kwanza, usichunguze nani ana nini. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya afya ya mtu na inakataza ubaguzi, na watoto wengi humeza dawa kabla hawajaambiwa ni za nini. Swali lako moja la kimbelembele linaweza kumfichulia mtoto jambo ambalo familia ilikuwa ikimwandalia taratibu. Wewe tenganisha tu utoro na ruhusa. Mwanafunzi akisema alikwenda hospitali, andika ruhusa, halafu mpe kazi aliyoikosa. Hahitaji kutaja ni kliniki gani.

Pili, tuachane na ule mtindo wa kuwaita "watoto wa mazingira magumu" mbele ya mstari wapokee madaftari huku tunapiga picha. Nia ni njema, sikatai. Lakini mtoto akirudi darasani na daftari jipya pamoja na jina jipya, tumemsaidia kitu gani? Mzigo huohuo ukifikishwa nyumbani kupitia kamati ya kijiji, unafika vilevile bila kumtangaza.

Jambo la mwisho ni la wenyeji. Kwa Wayao, ambao ni wengi Tunduru, ukoo hufuata upande wa mama. Mzazi akifariki, mtoto mara nyingi hulelewa na bibi mzaa mama, na mjomba ana kauli kubwa. Ukiandika barua ya "kumwita baba", unaweza kungoja mpaka field iishe. Muulize mtoto analala kwa nani, kisha nenda na mwalimu mwenyeji jioni, watu wakisharudi shamba. Ukimkuta bibi, msalimie vizuri, kaa mkekani, anza na habari za masomo. Mambo ya hospitali atayasema mwenyewe akiona unafaa kuambiwa. Akihitaji zaidi ya uwezo wako, mtendaji wa kijiji anajua njia ya kumfikia afisa ustawi wa jamii wa wilaya.